Samaki wa Wenyewe

Ukimwuliza mtu wa Usoke ni wapi pa kula samaki, hatakutajia jina la mgahawa, kwa sababu hauna jina. Atakuelekeza tu: toka stesheni, vuka reli, pita mwembe wa kwanza, pita wa pili, halafu fuata moshi. Ni kibanda cha matofali ya kuchoma upande mmoja na mabanzi pande mbili; upande wa nne uko wazi, ndiko tunakoingilia. Ndani kuna meza moja ndefu yenye kitambaa cha nailoni kilichochorwa matunda yasiyoota Tabora, mabenchi mawili, na stuli moja ya mninga ambayo ni ya mzee mmoja tu. Hata asipokuwepo hakuna anayeikalia. Tukijibana tunatosha watu tisa. Nimekula hapo tangu Februari 2019, nilipopangiwa kufundisha baiolojia katika sekondari ya huku, siku tano za juma na mara nyingi Jumamosi pia.

Mwenye kibanda tunamwita Mama. Jina lake sitaliandika. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari zake aliniambia niandike samaki, yeye nimwache, maana wenye ushuru nao wanasoma.

Siku ya kwanza niliingia kwa sababu ya njaa na jua. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Kisarawe. Akaweka mwiko chini.

“Mzaramo?”

“Ndiyo, Mama.”

“Babu zetu wamebeba pembe mabegani kutoka huku mpaka pwani, wakifika kwenu mnawatoza hongo. Leo hongo unalipa wewe.”

Watu wote mezani wakacheka, kisha wakaacha kula ili waone nitajibu nini. Nyumbani nilikuwa nimesikia kwamba Wanyamwezi ni watani zetu, lakini kwetu utani huo umebaki kwenye misiba, na hata huko wazee ndio wanaoujua. Sikutegemea kuukuta mzima hivyo, kilomita zaidi ya 800 kutoka baharini, ukinisubiri na sahani. Nikajibu kwamba babu zake walikuwa wanakunywa maji ya visima vyetu bila kuomba, kwa hiyo ilikuwa haki. Akanitoza shilingi mia tano zaidi ya bei. Kesho yake aliniwekea kipande cha pili cha samaki bila kusema neno, na nikajua mia tano yangu imerudi.

Yule samaki alikuwa mgebuka. Mtu wa pwani akisikia samaki anafikiria changu, kolekole, jodari, kitu kilichotoka Feri asubuhi na bado kinang'aa. Mgebuka ni samaki mrefu, mwembamba, wa Ziwa Tanganyika, na Usoke hafiki aking'aa. Anafika amebanikwa kwa moshi mpaka amekuwa na rangi ya mlango wa zamani, amepangwa ndani ya tenga pamoja na wenzake. Mama huwamwagia maji ya moto, huwatoa vichwa, huvunja kila mmoja vipande vitatu. Hukaanga kitunguu kwenye mawese, hutia nyanya, hutia samaki, na mwisho humimina karanga zilizotwangwa na kuchanganywa na maji kidogo. Hapo sufuria inaachwa. Hakorogi tena, maana akikoroga samaki watasambaratika. Anashika sufuria kwa vitambaa viwili na kuitikisa, mara moja kulia, mara moja kushoto. Mafuta ya mawese yakianza kupanda juu na kutengana na karanga, mboga imeiva. Ugali unakuja peke yake, na pembeni majani ya kunde yaliyokaushwa, nsansa, yaliyopikwa pia kwa karanga. Watu wa lishe watasema karanga zimezidi. Waje Usoke waseme hivyo mbele ya sahani.

Ilinichukua muda kuona kwamba karibu sahani nzima imeteremka kwenye treni. Samaki na mawese ni vya Kigoma. Chumvi ni ya Uvinza, na Mama hakubali nyingine. Unga, karanga na nsansa ndivyo vya hapa. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kitu cha ajabu zaidi kilichowahi kupita hapa kwetu ni meli: Wajerumani waliisafirisha vipande vipande ndani ya makasha, wakaiunga Kigoma, na mpaka leo tunaiita Liemba. Lakini chumvi ya Uvinza ni ya zamani kuliko reli. Iliuzwa Unyamwezi kabla ya mabehewa, ikibebwa vichwani, katika nchi hii hii iliyo kati ya Unyanyembe na Ujiji. Misafara ilipita na kurudi upande huu, na haikupita kwa raha wakati wote: mwaka 1871 Mirambo alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ikafungwa, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji kwa Livingstone.

Neno posho, ambalo siku hizi tunalisikia kwenye semina, lilikuwa la wapagazi hao. Ndicho chakula cha siku, au kitambaa cha kununulia chakula cha siku. Napenda kufikiri kwamba palikuwa na mwanamke kando ya njia aliyejua mpagazi yupi hali nini, na yupi alisema atalipa akirudi kutoka pwani. Sina ushahidi. Nina Mama tu.

Mama hana orodha ya vyakula. Unakaa, unanawa, unaletewa. Akipika samaki unakula samaki. Akipika maharage hakuna haja ya kuuliza samaki wako wapi, kwa sababu jibu liko angani. Wavuvi wa Tanganyika huvua dagaa na migebuka usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa pevu taa haina maana, samaki hawajikusanyi, na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo baada ya mwezi mpevu samaki hupungua sokoni, na siku chache baadaye hupungua Usoke. Mama anaishi mbali na ziwa na hajawahi kuliona, lakini akitoka nje usiku akatazama juu, anajua juma lijalo atapika nini. Mimi ndiye mwalimu wa baiolojia. Jambo hili nilifundishwa na yeye.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo anafanya kazi Dar es Salaam, na mara moja kwa mwezi yeye na wenzake wa ofisini huenda Masaki kula sushi. Hunitumia picha. Nami humtumia picha ya mgebuka wangu, kisha tunatukanana kwa upendo. Bei ya sahani yake moja ningekula kwa Mama karibu mwezi mzima, na hilo simwambii, kwa sababu najua atanijibu nini kuhusu mshahara. Lakini kwa ajili yake nilianza kusoma habari za sushi, na nikakuta si kitu kigeni sana kwangu. Mwanzoni haikuwa samaki mbichi. Ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki asioze: anatiwa chumvi, anafungiwa ndani ya wali, wali unachachuka, na miezi inapita. Kando ya Ziwa Biwa, huko Japani, bado wanatengeneza namna hiyo ya kale kwa samaki wa ziwani, na wanaiita funazushi. Nilitazama pia ile filamu ya mwaka 2011 kuhusu mzee Jiro Ono wa Tokyo, mwenye mgahawa wa viti kumi chini ya ardhi, mlangoni mwa stesheni ya treni ya Ginza. Viti kumi, stesheni, hakuna orodha ya vyakula, na mpishi anakutazama unavyotafuna. Nikacheka peke yangu chumbani. Wajapani wana neno la mteja anayekuja siku zote: jōren. Na mteja anapomwachia mpishi aamue, husema omakase, yaani nakuachia wewe.

Tofauti ni daftari. La Mama lina jalada jekundu, limefungwa kwa kamba ya katani, na hukaa juu ya mtungi. Kila mmoja wetu ana ukurasa wake. Wakulima wa tumbaku hula kuanzia kilimo mpaka mauzo na kulipa wakishapata fedha zao. Kurasa zao zimejaa vistari vinne vinne vilivyokatwa na cha tano, kama alama za mfungwa kwenye ukuta. Fundi cherehani hulipa kila Jumapili. Mzee wa stuli, mstaafu aliyetengeneza njia ya reli maisha yake yote, hulipa anapotaka. Mimi nililipa taslimu tangu siku ya kwanza, na nikidhani sina ukurasa.

Ninao. Niliuona siku moja alipoupita akitafuta wa mtu mwingine. Juu umeandikwa “Mwalimu Mzaramo”, na chini yake hakuna deni, kuna vistari vichache na tarehe. Nikamwuliza ni vya nini. Akasema ni siku ambazo hukuja. Kila asubuhi anapima unga wa watu anaowajua, na aliyekosa kuja amemwachia ugali. Sikuulizwa malipo ya ugali huo, wala sijui alikula nani. Lakini tangu siku hiyo, nikiwa na safari ya Tabora mjini au usahihishaji wa mitihani, hupita asubuhi kusema sitakuja.

Mwaka 2024 redio ikatangaza kwamba Ziwa Tanganyika litafungwa. Nchi nne zenye ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana na kukua. Tulisikia tukiwa mezani.

“Ziwa linafungwaje?” Mama akauliza. “Lina mlango?”

“Kama shule inavyofungwa,” mzee akajibu.

Wakanitazama mimi. Nikaeleza: samaki wamevuliwa kupita kiasi, wadogo hawapewi nafasi ya kuwa wakubwa, wakipumzishwa wataongezeka. Nilieleza vizuri, kama mbele ya Kidato cha Pili, na hata sasa naamini kila neno nililosema. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

“Sawa, mwalimu. Samaki watazaana. Na mimi nitapika nini watu waje?”

Kwenye somo langu hilo halimo. Vitabu vina mchoro wa samaki, wavuvi juu, dagaa chini, na mishale inayoonyesha nani anamla nani. Hakuna mshale unaofika kwenye kibanda kando ya reli, ambapo mwanamke wa miaka zaidi ya 60 anasomesha mjukuu kwa sahani za shilingi elfu mbili na mia tano.

Alikopa kwenye kikoba chao. Kabla ya tarehe 15 Mei alinunua magunia mawili ya dagaa na matenga manne ya migebuka, wote wakavu, akawapanga kwenye kichanja juu ya moto ili moshi uzidi kuwalinda. Wateja wa njiani walikula wengi. Kufikia mwisho wa Juni dagaa walibaki robo gunia, na migebuka ulikuwa unaweza kuwahesabu ukiwa umekaa. Tuliwahesabu. Kila siku mtu alitupa jicho juu kabla ya kunawa.

Ndipo Mama akaamua jambo ambalo sikuliunga mkono. Siku mbili kwa juma alipika mgebuka, sahani tisa kamili, na akizipakua alikuwa ameshajua za nani. Aliyepita tu alipewa maharage. Alhamisi moja gari aina ya Land Cruiser lilisimama nje, wakashuka wanaume wawili wenye miwani ya jua na njaa ya kweli. Harufu ilikuwa imejaa mpaka barabarani. Wakaomba samaki. Mama akasema kuna maharage na nsansa. Mmoja akafunua kifuniko mwenyewe, akaona, akasema atalipa elfu kumi kwa kila sahani.

“Hao ni wa wenyewe,” Mama akasema.

“Wenyewe wako wapi?”

Tulikuwa wanne mezani. Wengine watano walikuwa hawajafika, na kwa hakika wawili kati yao hawakuwa na uwezo wa kulipa mpaka tumbaku iuzwe. Yule bwana akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta ndani yetu kitu cha thamani ya elfu kumi. Nikajitazama mimi mwenyewe sikukiona.

Walipoondoka nilimwambia Mama auze. Nilisema angeuza sahani yangu tu, elfu kumi ni unga wa siku ngapi. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu na hakugeuka.

“Mtani, hao nitawaona tena lini?”

“Huenda usiwaone kamwe.”

“Basi wanihifadhie nini?”

Bado nafikiri hesabu yake ya siku ile haikuwa sahihi. Elfu ishirini ilikuwa mkononi, mkopo wa kikoba ulikuwa unadai, na mjukuu alikuwa amekaa mlangoni na sare fupi. Mtu anaweza kuheshimu uamuzi na kutoukubali. Lakini niliona pia kwamba yeye alikuwa anahesabu kwa daftari, mimi nahesabu kwa mfuko. Kwenye daftari wale mabwana hawakuwa na ukurasa.

Julai samaki waliisha kabisa, na watu nao wakapungua. Siwalaumu. Barabara ya lami ya kwenda Urambo iko karibu, na pale kwenye kituo cha mabasi kuna kijana anayekaanga chipsi na kuku. Samaki asipokuwepo, mtu anafuata nini kwenye benchi gumu? Vijana wa bodaboda walihamia huko wakiwa kundi. Tukabaki wanne: mzee, fundi cherehani, mama mmoja muuza asali, na mimi. Tulikula maharage. Tulikula nsansa. Siku nyingine tulikula uyoga wa miyombo uliokaushwa tangu masika, na nitasema wazi kwamba uyoga ule kwa karanga unashinda aina nyingi za samaki ninazozijua. Lakini sahani nne hazilishi moto wa mkaa. Mama alianza kuchelewa kufungua. Siku moja hakufungua, nasi tukasimama nje kama watu waliokosa treni.

Mzee ndiye aliyesema. Alisema maharage ndiyo yametoka kuvunwa, bei iko chini, na mwenye gunia sasa atashukuru baadaye. Kila mmoja atoe sahani zake za mwezi, leo. Hakusema ni msaada, na nadhani angesema hivyo Mama angetufukuza. Alisema anachoka kutembea na hela mfukoni. Fundi akatoa. Muuza asali akatoa nusu, na nusu akaleta asali. Nami nikatoa, nikiwa na hofu kidogo ya mwisho wa mwezi.

Mama alizihesabu mara mbili mbele yetu. Kisha akashusha daftari, akafungua kurasa zetu, na akakaa na kalamu hewani muda mrefu, maana alama zake zote zilikuwa za wanaodaiwa na hakuwa na alama ya upande wa pili. Mwishowe aliligeuza daftari chini juu. Akaanza kuandika kutoka nyuma, vistari ishirini na mbili kwa kila mtu, na kila tulipokula alifuta kimoja kwa kidole kilicholowa mate, karatasi ikawa na matundu. Mjukuu alimwambia angeweza kukata tu kwa kalamu. Akamwambia deni halikatwi, linafutwa.

Agosti 15 ilikuwa Alhamisi. Samaki hawakuja Alhamisi, wala Jumamosi. Ziwa likifunguliwa bado samaki lazima avuliwe, abanikwe, apangwe, apakiwe. Walikuja juma lililofuata, usiku, na bei yao ilimfanya Mama ashike kiuno pale jukwaani mbele ya wachuuzi. Alinunua kumi na wawili. Asubuhi kucha tulisikia harufu tukiwa darasani, au niseme niliisikia mimi, maana upepo ulikuwa wa upande wa stesheni na sikufundisha vizuri.

Saa saba tulikuwa wote mezani, na vijana wa bodaboda pia, wamekaa kwa adabu mwishoni mwa benchi kama wageni. Mama hakuwasema. Aliwapakulia, vipande vidogo, lakini aliwapakulia. Mzee alipewa kichwa, ambacho siku hiyo hakikutupwa. Fundi na muuza asali walipewa kipande cha katikati. Sahani yangu ilipofika ilikuwa na mkia, umekaukia vizuri, na mchuzi mwingi.

Nilimkumbusha kwamba daftarini bado ninamdai sahani sita, nikamwuliza kama hii ni mojawapo.

“Huo ni mkia, Mzaramo,” alisema, akirudi jikoni. “Mkia hauhesabiwi.”